Mtoto Asiyehesabiwa

Mwalimu Odalie alikuwa amesimama juu ya kiti, akibandika karatasi za kaki juu ya herufi za ukutani, mlango ulipogongwa. Mwanamume asiyemjua alisimama kizingitini na mabuti yake ya mpira, ananuka kamba wabichi wa kiwandani. Ubavuni mwake palikuwa na msichana aliyekumbatia begi.

"Samahani, Mwalimu. Ofisini wamesema nimlete hapa. Huyu ni Marvella, mtoto wa dada yangu. Mama yake amelazwa, huko jimbo la jirani. Kwa sasa atakaa kwangu."

"Wiki mbili kabla ya mtihani wa jimbo?" Maneno yalimponyoka.

Mwanamume aliinama akayatazama mabuti yake. "Ugonjwa haukutuuliza tarehe, Mwalimu."

Odalie aliteremka kitini, uso ukimchoma. Msichana alikuwa akitazama ukuta.

"Ticha, mbona unaficha herufi?"

"Kesho tuna mtihani wa majaribio. Ukutani hapatakiwi kitu cha kumsaidia mtu."

"Hata A?"

"Hata A."

Kesho yake Marvella alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikitikisika. Alikuwa mzito, lakini neno alilolifikia alilipata. Wenzake walipomaliza, yeye alikuwa nusu ya ukurasa wa kwanza. Odalie alikwenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Fontenot, akamkuta anakula wali na maharage mezani, faili zimemzunguka.

"Nataka nimweke meza yangu," alisema. "Akipata mtu wa kukaa naye, anaweza."

"Mtoto aliyekuja jana?" Bwana Fontenot alifuta mdomo. "Amekuja baada ya tarehe ya usajili. Alama zake haziingii kwenye daraja ambalo jimbo linaipa shule. Mpe vitabu vya picha, akae kwa amani. Meza yako ni ya watoto wa njano."

Wa njano walikuwa wale waliopungukiwa kidogo tu kufikia alama ya kupita. Wa kijani walishapita, wekundu walishakatiwa tamaa.

"Lakini akifeli anarudia darasa la tatu. Jimbo linamhesabu yeye."

"Yeye, ndiyo. Sisi, hapana." Aliweka kijiko chini, na sauti yake ikalegea. "Odalie, mama, mimi sina roho mbaya. Tukipata daraja baya tena wanatunyang'anya shule. Wewe ni mwalimu wa mwaka wa kwanza. Nisaidie."

Angeweza kukataa. Aliitikia kwa kichwa, akarudi darasani.

Siku zilizofuata alikaa na watoto wa njano, na Marvella akakaa dirishani akipaka rangi picha za bata. Hakulalamika. Siku moja Thaddeus, mmoja wa wale wa njano, aligeuka kitini.

"We mgeni, rangi yako ipi?"

"Sina."

"Huna? Basi we ni kama mtu aliyedandia harusi ya watu, unakula keki tu!"

Meza nzima ikacheka. Odalie alijua anachopaswa kusema. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na sentensi walizopangiwa hazijaisha.

"Thaddeus, soma inayofuata," alisema, basi. Marvella akainamia bata wake, masikio yamemwiva.

Siku ya kuamkia mtihani shule nzima ilikusanyika ukumbini kuimba na kupiga vigelegele, kama vile kuna timu inakwenda kucheza fainali. Walipokuwa wakitoka, Marvella alimvuta mwalimu wake mkono wa shati.

"Ticha, mimi nasoma polepole. Wenzangu wakimaliza, nitatolewa?"

"Hutolewi. Una ruhusa mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

"Nitabaki peke yangu?"

"Nitakaa na wewe mpaka uweke penseli chini. Nakuahidi."

Alisema haraka, kama mtu aliyemnyima mwenzake vyote na sasa anapapasa mifukoni akitafuta chochote cha kumpa.

Siku ya mtihani, ilipofika saa ya chakula, darasa lilikuwa tupu isipokuwa wao wawili. Kidole cha Marvella kilikuwa kwenye hadithi ya pili. Bwana Fontenot alichungulia, akamwita Odalie mlangoni kwa mkono.

"Bado tu?" alinong'ona. "Kesho ni hesabu. Watoto wa njano wanakusubiri maktaba. Mwambie asilibe viduara vya majibu vilivyobaki, atoke."

"Asilibe bila kusoma?"

"Basi nitamleta mwalimu wa michezo amsimamie. Wewe twende."

"Nilimwahidi nitakaa."

"Odalie, Ijumaa napeleka majina ya walimu wa mwaka ujao. Usinitie majaribuni."

Alihisi uso unawaka tena, na hakuwa akimwogopa mkuu wake. Alikuwa akifikiri kwamba kukaa kitini ni kitu kidogo mno, kwamba siku ya kusema hapana ilishapita huku yeye akiitikia kwa kichwa. Mtoto alikuwa anapigana na maneno ambayo wangeweza kuyasoma pamoja.

"Peleka, Bwana Fontenot," alisema. "Mimi nipo hapa."

Mwalimu mkuu akaufunga mlango taratibu.

Marvella alikuwa ameinua kichwa. "Unaondoka, Ticha?"

"Hapana. Endelea."

Alitamani kumwomba radhi, lakini sheria za mtihani hazikumruhusu kuongea zaidi ya hapo. Alikaa nyuma yake kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kifua, mikono ameikalia ili isije ikamwonyesha kitu. Njaa ilimuuma ikaacha. Kutoka maktaba alisikia watoto wa njano wakikariri hesabu na mtu mwingine.

Mabasi ya shule yalipoanza kunguruma nje, Marvella alisiliba kiduara cha mwisho, akapuliza vumbi la kifutio na kuweka penseli chini. Aligeuka kutazama nyuma. Odalie alikuwa bado pale.