Kukwangua Gita la Kassian

Jumatatu moja ya Agosti 1997, saa tisa alasiri, Balbina alifika kwenye karakana ya Dionisi pale Lipangalala, mjini Ifakara, akisukuma baiskeli. Kwenye keria alikuwa amefunga gita la besi kwa mpira wa tairi, limeviringishwa ndani ya khanga kuukuu. Dionisi alikuwa anapigilia benchi la kanisani. Alimalizia msumari aliokuwa nao, akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea gita na kulilaza juu ya kreti mbili za soda.

"Shikamoo, mama Careen."

"Marahaba. Nataka uitoe hii kijani. Iliyo chini yake usiiguse."

"Chini kuna nini?"

"Rangi ya kiwandani. Ndivyo anavyosema mnunuzi."

Mnunuzi aliitwa Bryson, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akizunguka mikoani kutafuta vyombo vya bendi zilizokufa. Wiki iliyotangulia alikaa kwenye kigoda cha Balbina, akaligeuza gita mara nne na kulichungulia kwa tochi ingawa ilikuwa mchana.

"Mama, nisikilize vizuri," alimwambia. "Besi za zamani za mkono wa kushoto ni za kutafuta kwa tochi. Zilitengenezwa chache, maana wapigaji wenyewe ni wachache. Tatizo hii imepakwa juu. Gita likishapakwa upya, hata apake malaika, bei inaanguka nusu. Mzungu anataka rangi ileile ya kiwandani, hata kama imechubuka, hata kama ina jasho la mtu."

"Na hii ikitolewa?"

"Ikitoka vizuri, ya chini ikabaki, tutaongea kiutu uzima. Ikitoka vibaya mkafika kwenye mti mtupu, hapo mama utakuwa umebaki na kuni."

Hakutaka kulichukua akaitoe rangi mwenyewe, kwa sababu likiharibika lingekuwa limeharibikia mikononi mwake. Alisema atarudi Jumatatu, baada ya wiki tatu.

Balbina hakuwa na shida kubwa. Mpunga wake wa Idete ulikuwa umetoka vizuri mwaka ule na magunia yalikuwa yamejaa chumba cha pili. Alichotaka ni chini ya kitanda chake pawe wazi.

Gita lilikuwa la mumewe, Kassian. Alipewa mwaka 1968 na bruda mmoja wa misheni, mtu wa Uswisi, fundi wa jenereta, ambaye naye alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Bruda alipokuwa anarudi kwao alisema hakuna mtu mwingine bonde zima ambaye lingemfaa. Kassian akaenda nalo kwenye shamba la miwa la Lumbanga alikoajiriwa, akawa mpiga besi wa bendi ya wafanyakazi. Mwaka 1974 ulikuja ugeni mkubwa shambani, na karani wa ustawi, Evodius, akaagiza vyombo vyote vya bendi vipakwe kijani ya mageti ya shamba ili vifanane. Miaka mitano baadaye Kassian aliacha kazi, akafunga godoro na gita lake, akapanda treni kurudi Ifakara. Alikamatwa stesheni kwa wizi wa gita kabla hajashusha godoro.

Mahakamani alisema gita ni lake na kwamba chini ya rangi, upande wa nyuma, kuna jina lake alilolichora kwa msumari. Hakimu akasema kielelezo hakiwezi kukwaruzwa. Evodius akatoa ushahidi kwamba shamba lina magita manne, na ushahidi wake ulikuwa umepigwa taipu. Kassian alifungwa miaka miwili. Careen, binti yao, alikuwa darasa la sita. Wenzake walimwimbia wimbo wa mwizi wa gita mpaka akakataa kwenda shule, akapelekwa Mahenge kwa shangazi yake, na huko akabaki. Kila Krismasi aliandika barua ya ukurasa mmoja.

Mwaka 1990 shamba liliuza vyuma chakavu kwa mnada, na Kassian akalinunua gita lake likiwa kwenye fungu moja na feni mbili mbovu. Hakulipiga. Hakuikwangua rangi pia, kwa sababu alisema rangi ile ni mali ya shamba. Alililaza chini ya kitanda akalala juu yake miaka minne, kisha homa ikamchukua.

Dionisi alianza kazi Jumanne. Alijaribu thina kwenye kona ndogo, akaona na rangi ya chini inalainika, akaiacha. Akavunja kioo cha dirisha, akachagua kipande chenye ukingo mzuri, akakwangua kavukavu, eneo la upana wa kucha kwa wakati mmoja. Watu wa shamba walikuwa wamepaka bila kupiga msasa kwanza, kwa hiyo kijani haikuwa imeshika sana. Ilibanduka kama ganda la yai. Chini yake ikatokea njano katikati, kisha wekundu, kisha weusi ukingoni.

Kufikia saa sita mchana Dionisi aliona kwamba kile kioo amekishika kwa mkono wa kushoto. Aliendelea. Mkono ulikuwa mwepesi.

Jumatano, Rabia, aliyekuwa anauza chakula upande wa pili wa barabara, alipakua wali na maharage kwa kushoto na kupokea noti kwa kushoto, na wateja wakala kwa kushoto, madereva wa matrekta pamoja na karani wa mashine ya kukoboa. Alhamisi watoto wa shule walirudi na madaftari yenye mwandiko ulioegemea upande mwingine. Mwalimu alikuwa amesahihisha kwa kushoto. Jumapili kanisani watu walifanya ishara ya msalaba kwa kushoto, na padri, aliyekuwa amelala Lipangalala kwa mgonjwa, akagawa komunyo vivyo hivyo. Kina mama wawili walizungumza juu ya jambo hilo walipotoka. Mmoja alisema amechoka kidogo bega. Mwenzake alisema yake hayachoki.

Balbina peke yake aliendelea na mkono wa kulia. Alijaribu mara moja kukoroga uji kwa kushoto, ukamwagika, akaurudisha mwiko ulikokuwa.

Siku ya tisa Dionisi alituma mtu kumwita. Alikuwa amefika mgongoni mwa gita. Kwenye ile rangi ya njano, chini kidogo ya pale bamba la shingo lilipofungwa kwa skrubu, palikuwa na maandishi ya msumari: KASSIAN 68. Herufi za S zilikuwa zimegeuka.

"Niliache au nilifute?" Dionisi aliuliza.

"Liache kwanza."

"Kumbe alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema kweli," Balbina alisema. Alipitisha kidole juu ya herufi. Alisubiri kitu kije kifuani, kilio au hasira, kama mtu anavyosubiri mlango ufunguliwe baada ya kubisha. Palikaa kimya. Akamuuliza Dionisi kama amekula.

Jioni ile Evodius alikuja nyumbani kwake. Tangu astaafu alikuwa anaishi nyumba ya nne kutoka karakana, mzee wa miaka sabini na kitu, mgongo umepinda. Kwa miaka kumi walikuwa wakisalimiana barabarani na kupita. Balbina alimpa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Careen. Nimekuletea barua yako."

"Imetoka wapi?"

"Nimeiandika mimi. Nilikaa chini nimwandikie mwanangu Morogoro aniletee dawa ya mgongo. Huu mkono wa kushoto ukaandika hii. Nimechana mara tatu, ikatoka hiihii, mpaka nukta. Nikaona basi, karatasi zitaniishia."

Balbina aliwasha kibatari, akasoma. Barua ilisema kwamba yeye Evodius, aliyekuwa karani wa ustawi, alijua gita ni mali ya Kassian tangu siku Kassian alipofika nalo. Shamba lilikuwa na magita manne ya kwake, lakini moja Evodius aliliuza mwenyewe kwa mtu wa Mikumi. Ukaguzi ulipokaribia alihitaji magita manne. Kijani ilikuwa imeshayafananisha yote, na Kassian alikuwa anaondoka. Chini kulikuwa na sahihi na tarehe.

"Uliliuza ukanunua nini?" Balbina aliuliza.

Evodius alifikiri. "Sikumbuki. Nadhani redio."

"Kwa nini hukusema alipotoka gerezani?"

"Alipotoka alinisalimia vizuri. Nikajua ameshasahau."

"Hakusahau."

"Sasa najua," Evodius alisema. "Ipeleke mahakamani kule Lumbanga. Nimekuwa karani miaka thelathini, najua karatasi inayotosha. Hii inatosha." Akanyoosha mkono wa kushoto kuaga. Balbina akaupokea kwa wa kulia, mikono ikakutana vibaya, wakaiachia.

Bryson alirudi Jumatatu kama alivyoahidi. Alipiga magoti karakanani kulitazama gita. Kisha akaligeuza, akaliona jina.

"Dah," alisema. "Hapa pana mtu kaandika."

"Ni mwenyewe," Balbina alisema.

"Jina linashusha bei, mama. Kidogo, lakini linashusha."

Dionisi alisema anaweza kulijaza kwa nta na kupaka njano juu, lisionekane. Bryson akatikisa kichwa haraka.

"Usithubutu, fundi. Ukipaka hapo unakuwa umelipaka upya, nalo linashuka zaidi kuliko lingeshuka kwa jina. Liacheni. Litaenda na jina lake."

Balbina alimweleza habari ya kesi, na kwamba ana barua. Alimuuliza kama angeweza kumwachia gita mpaka atoke Lumbanga. Bryson alisikiliza kwa heshima. Alisema anasikitika sana, lakini mzungu wake anaruka Ijumaa, na mzungu huyo akiondoka hakuna mwingine wa mkono wa kushoto. Balbina alimtazama Dionisi, aliyekuwa amesubiri malipo yake wiki mbili bila kuyataja. Akakumbuka Evodius alivyosema kwamba karatasi inatosha. Akaliuza. Bei ilikuwa nzuri, na Dionisi alipata cha kwake palepale. Bryson aliondoka na gita ndani ya mfuko wa blanketi, ameliweka bega la kushoto. Mikono ya Lipangalala haikurudi kulia baada ya hapo.

Alhamisi Balbina alipanda basi la alfajiri kwenda Lumbanga. Mahakama ilikuwa jengo lilelile la matofali, ila bati lilikuwa jipya. Karani alikuwa mwanamke kijana, Nyamizi, mtu wa Usukumani aliyehamia huko na wazazi wake waliofuata kazi ya miwa. Alimwamkia vizuri, akamtafutia kiti, akaenda kulitafuta jalada. Alirudi na vumbi hadi kwenye viwiko.

Alisoma barua mara mbili. Kisha akafungua ukurasa wenye sahihi ya Evodius ya mwaka 1979 na kuziweka zile sahihi mbili sambamba.

"Mama, hii si sahihi yake."

"Ni yake. Ya zamani ni ya mkono wa kulia. Hii ni ya kushoto."

"Nakuelewa. Tumeletewa waraka kuhusu watu wa kwenu." Alifungua droo akautoa. Ulikuwa umeshapigwa mhuri. "Sahihi zote zinazotoka Lipangalala baada ya tarehe kumi na mbili Agosti zisipokelewe mpaka hapo itakapoelekezwa vinginevyo. Siwezi kuupita huu."

"Mwenyewe yupo. Anaweza kuja."

"Akija ataandika kwa mkono gani?"

Nyamizi akaurudisha waraka kwenye droo.

"Kielelezo kipo? Hilo gita?"

"Nimeliuza."

"Basi," Nyamizi alisema kwa upole. Hakuwa mkali. Aliandika kwenye fomu, polepole, kwa mkono wa kulia, mwandiko mzuri wa shule: *Ombi limepokelewa. Hakuna mabadiliko katika hukumu.* Akaigeuzia upande wa Balbina.

Balbina akachukua kalamu. Nyamizi akaizuia kwa kidole.

"Kwa watu wa huko ni dole tu, mama. Sahihi hapana."

Akasogeza kidau cha wino wa zambarau. Balbina akachovya dole gumba la kulia. Nyamizi akamwonyesha mstari wa mwisho wa fomu, uliochapishwa miaka mingi kabla ya mambo haya: dole gumba la kushoto. Akampa kipande cha gazeti afute.

Balbina akafuta, akachovya la kushoto, akalibandika. Lilitoka vizuri, mistari yote ikaonekana.

"Sasa hii inaenda wapi?" aliuliza.

"Ndani ya jalada, mama. Pamoja na zile nyingine."

"Haya. Asante."

"Asante na wewe. Wasalimie nyumbani."

Basi la kurudi lilikuwa saa nane. Balbina alinunua ndizi mbili mbivu nje ya mahakama, akakaa kwenye ngazi akazila zote mbili.