Mtahiniwa Aliyetulia

Mimi ni fundi cherehani, mama mtu mzima, na ukubwani nimejitia kusoma chuo kikuu kwa mtandao. Jana nilikuwa na jaribio la takwimu. Sharti lao: kamera iwake muda wote, na chumbani asiwepo mtu mwingine.

Nikajifungia dukani. Mama mkwe nilishamwambia, "Mama, nakuomba, usiingie hata nyumba ikiungua."

Swali la tatu tu, maandishi mekundu yakatokea kwenye skrini: "Kuna watu wawili chumbani." Nikageuka. Nyuma yangu amesimama sanamu wangu wa kuonyeshea nguo, kavaa gauni jeupe la bibi harusi na wigi juu.

"Hilo ni plastiki, we mashine!" nikafoka.

"Usizungumze," mashine ikajibu.

Nikamkumbatia sanamu nimtoe. Mkono wake ukachomoka, tukaanguka wote wawili.

"Mwanangu, unapigana na nani?" mama mkwe akauliza nje ya mlango.

"Na chuo kikuu, mama!"

Nikamsimamisha sanamu palepale, nikamaliza maswali huku nasaga meno.

Leo matokeo yamekuja. Mama mkwe kanisimamia begani, nikamsomea kwa sauti: "Mtahiniwa aliyevaa nyeupe ametulia, hakugeuka wala kuzungumza. Amefaulu. Yule mama aliyekaa mbele yake akimfanyia fujo asiruhusiwe tena kuingia chumba cha mtihani."

Mama mkwe akanipita kama hanioni, akamshika sanamu mkono uliobaki.

"Hongera, mwanangu," akamwambia. "Najua haikuwa rahisi."