Jumba Lililogeuzwa Msitu

Ndege ilipomaliza kupiga picha za kaunti nzima, Jemutai aliketi kwenye kompyuta kuchora ramani mpya. Juu ya mji wa Elburgon, ndani ya msitu, akaona jumba la vigae vyekundu na bwawa la kuogelea. Alilijua. Lilikuwa la bosi wake, Kiptanui, ambaye kila wiki alihubiri redioni kwamba msitu usiguswe.

Kiptanui alipooneshwa, aliufunga mlango wa ofisi. "Hapo weka miti."

"Lakini picha inaonyesha nyumba, boss."

"Weka miti, ama utafute kazi kwingine."

Jemutai aliweka miti kwa hasira, hadi juu ya bwawa. Ramani ikazinduliwa kwa keki na hotuba ndefu ya Kiptanui kuhusu ukweli.

Miezi michache baadaye jumba lilishika moto. Familia ilitoka salama, na Kiptanui akawapigia simu wazimamoto akipiga mayowe.

"Mzee, hapo ni msitu tu," dereva wa gari la zimamoto alimjibu kwenye simu, akiitazama ramani mpya. "Hakuna hata barabara."

Walipofika, walikuta majivu. Jemutai alimwonea bosi wake huruma kidogo. Kisha akaifungua ramani, akaona haina kosa tena: hapo hapakuwa na nyumba.