Ukoka wa Kuazima

Bi Ukoka, mtunza bustani aliyepewa jina la nyasi alizozipanda, aliingia hospitali saa kumi na mbili unusu asubuhi, mpira wa maji begani, akasimama kama aliyepigwa kofi. Bustani haikuwepo. Mbele ya wodi ya watoto palikuwa na udongo mtupu, umechongwa kwa sepetu mraba kwa mraba, kama sakafu iliyobanduliwa vigae.

"Lori lilikuja jana, ulipotoka tu," mfagiaji alimwambia, bila kumtazama usoni. "Wanaume sita."

Miaka miwili. Alikuwa ameupanda ule ukoka kikonyo kwa kikonyo, shubiri kwa shubiri, amepiga magoti, akiunywesha maji yaliyosuuziwa mashuka. Ulipotambaa na kushikana, vumbi liliacha kuingia wodini. Mabenchi yalikuwa manne tu, na kina mama waliokosa nafasi wakisubiri daktari wakapata hapo mahali pa kulaza watoto wao.

Sasa wawili walikuwa wamesimama ukutani na watoto migongoni.

Katibu wa hospitali alimpokea ofisini kwa upole. "Tumeuazima tu, mama. Mkurugenzi wetu anaozesha binti Jumamosi, nyumbani kwake. Jumapili unarudi."

"Unarudi? Katibu, ukoka si viti vya kukodi."

"Ndiyo maana unatakiwa huko, ukaumwagilie. Gari linakungoja."

Ua wa Mkurugenzi ulikuwa wa saruji tupu, na ukoka ulitandikwa juu yake kama mkeka. Bi Ukoka aliinua pembe ya kipande kimoja. Mizizi ilikuwa imeanza kujikunja kwa joto. Akakirudisha taratibu, akavuta mpira hadi bombani. Dereva akamfungulia maji.

Mke wa Mkurugenzi alitoka na glasi ya maji baridi. "Pole na kazi, mama. Pamependeza, eti? Ukoka utadumu?"

"Bila udongo? Ukifika Jumamosi, ni bahati."

"Jumamosi yatosha," alisema yule mama, wala hakusema kwa ubaya, akarudi ndani.

Bi Ukoka alibaki na glasi mkononi, hajanywa. Kisha akachuchumaa, akaanza kung'oa vikonyo pembezoni, vile vyenye mizizi mibichi, akivitia kwenye kiroba kidogo kidogo. Alijaza nusu.

Langoni mlinzi alikifungua. "Nyasi za nani hizi?"

"Za hospitali."

"Zimetoka humu, shangazi. Kitu kikitoka humu bila kibali ni wizi. Sina budi kuandika." Akafunua daftari.

"Andika," alisema Bi Ukoka. "Vikonyo vya ukoka, nusu kiroba. Halafu andika na vilikotoka: wodi ya watoto. Andika na lori, na wanaume sita."

Kalamu ilisimama hewani. Mlinzi aliitazama nyumba, akalitazama daftari.

"Shangazi, usinitie matatani. Nina watoto."

"Najua, mwanangu. Andika."

Hakuandika, wala hakufungua lango. Jua lilikuwa limeshapanda. Bi Ukoka akaketi chini palepale njiani, mahali ambapo gari lisingeweza kupita bila yeye kuondoka, akavua kitambaa cha kichwa, akakichovya kwenye ndoo ya maji ya mlinzi, akavifunika vikonyo visinyauke.