Mama Mkwe Aliyelinywa Joto

Mchana, bati lilipokuwa likilia kwa jua, mke wa Injinia alikuwa ghorofani akimbadilishia mama yake mzazi shuka lililolowa jasho. Huyo Injinia hakuwa injinia wa chochote. Alikuwa muuza vigae, na jina alijipa mwenyewe. Nyumba ilijengwa kwa mikono ya mafundi na kichwa chake yeye, na kichwa hicho ndicho kilichoamuru matundu yote ya hewa chini ya paa yazibwe kwa saruji, eti yanaharibu sura ya nyumba. Joto likajaa darini, likakosa pa kutokea, likamshukia mama mkwe chumbani mwake.

"Mwanangu, nitakufia humu," mama alisema.

Binti akamwendea mumewe.

"Zibua yale matundu, mume wangu. Fundi alikwambia tangu mwanzo."

"Nitoboe ukuta wenye rangi mpya? Mama avumilie kidogo. Jua likizama kutapoa."

Mama akaona kumngoja mkwe yule ni kupoteza wakati. Akaanza kulinywa joto. Alifumba macho, akavuta pumzi, nalo likateremka toka darini likamwingia kinywani. Chumba kikapoa. Ila kila aliponywa alikauka kidogo, nguo zikampwaya, na binti akawa anazipunguza kwa cherehani.

Injinia alipanda ghorofani, akasikia ubaridi, akavimba kichwa.

"Si mnaona? Hii ndiyo inaitwa nyumba!"

Siku hiyo hiyo akahamishia kitanda chake humo. Mama mkwe hakumsahau, alimtafutia ngazi.

"Shikamoo, mama. Huko darini utalipata joto kabla halijashuka."

"Marahaba, baba," mama akajibu, akapanda. Alikuwa mwepesi sasa, hakuhitaji kusukumwa. Binti roho ilimuuma sana, lakini aliishika ngazi kwa mikono miwili, mama asije akaanguka.

Wageni walikuja, wakasifu. Jirani, ambaye naye alikuwa ameziba matundu yake ili asipitwe, akauliza siri ni nini. Injinia akaonyesha juu kwa kidole. Jirani akaelewa upesi, kwa kuwa alikuwa na wake wawili, na mama zao wote wawili walikuwa hai.

Kesho yake mchana, sauti nyembamba iliita toka darini ikiomba maji. Binti alikuja na kikombe, akasimama chini ya uwazi wa dari, mkono ameunyoosha.

Ngazi ilikuwa imeazimwa na jirani.