Una Undugu na Mtumishi wa Baraza?

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, karani wa malalamiko hakuwa wa kukalika. Anakaa, anainuka. Anafungua dirisha, anatazama wingu, analifunga tena. Wingu lenyewe lilikuwa palepale juu ya mabati ya soko, zito, halitaki kuondoka wala kunyesha. Ikinyesha leo nimekwisha, alijisemea. Halafu akaona haya, maana ikinyesha si yeye atakayetumbukia mtaroni. Ni mama yake.

Lakini hebu tuyapange haya mambo, maana karani mwenyewe ndiye aliyeyavuruga.

Baraza la mji ule wa pembezoni lilikuwa na dirisha moja tu la malalamiko, na nyuma ya dirisha meza mbili. Karani walimwita Mhuri. Taa ya barabarani imezimika, pa! anagonga mhuri. Taka zina wiki mbili hazijazolewa, pa! Jirani kafuga mbwa wanaobweka mpaka alfajiri, pa! IMEPOKELEWA. Kisha anaandika namba kwenye rejista, namba hiyohiyo anaiandika kwenye kipande cha karatasi chenye mhuri na tarehe anampa mwenye shida, na fomu inapanda ghorofani kwa mhandisi. Mtu akishika kile kipande anarudi kwake roho imetulia kidogo. Ni kazi ndogo, lakini Mhuri aliifanya kwa moyo wote, na hilo tusimnyime.

Meza ya pili ilikuwa tupu. Mwenzake aliyeikalia aliipandisha taa ya mtaa wa shemeji yake juu ya taa za watu kumi na tisa waliomtangulia. Yakajulikana, na mji mzima ukasema. Wakamhamishia ofisi ya makaburi, akatunze vitabu vya wale wasiolalamika. Tangu siku hiyo mwenyekiti wa baraza akatia mstari mpya chini ya fomu: Una undugu na mtumishi wa baraza? Ndiyo. Hapana. Ukijibu Ndiyo, fomu yako lazima itiwe saini na karani asiye ndugu. Sheria nzuri kabisa, nani ataipinga? Ila huyo karani asiye ndugu alikuwa kule makaburini, na hakuna aliyekumbuka kuleta mwingine.

Sasa, mama. Alikuwa fundi cherehani miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mteja njoo Jumamosi hali akijua nguo itatoka Jumanne. Fundi cherehani asiyedanganya siku, hebu fikiria. Pedali ya cherehani ndiyo iliyomla goti la kulia. Mama alipozeeka, Mhuri alimpangishia nyumba ndogo nyuma ya soko, akawa anamtembelea Jumapili, haraka haraka, akamwomba asiwaambie majirani kwamba mwanawe ni mtu wa baraza. Wataniletea taa na mbwa wao mpaka mlangoni kwako, Mama. Mama akasema haya.

Miezi minne nyuma, lori la mchanga lilipanda kifuniko cha zege kilichokuwa juu ya mtaro mbele ya geti lake, likakivunja vipande viwili na vyote vikazama. Mtaro ule kina chake ni kifua cha mtu mzima. Mama akatafuta ubao akaulaza, akawa anauvuka kila siku na goti lake hilo, kwenda sokoni na kurudi. Mhuri alipeleka fundi kwa fedha yake mwenyewe. Fundi akatazama, akakuna kichwa, akasema mtaro ni mali ya baraza, hawezi kuugusa bila kibali. Kibali kinatoka wapi? Kwenye dirisha lako hilohilo, bosi.

Basi mama akaja dirishani. Akachukua namba kama watu, akakaa kwenye benchi saa nzima, na zamu yake ilipofika akasema, "Habari za kazi, Bwana Karani," bila hata kukonyeza jicho. Mhuri nusura acheke. Akampa fomu, naye akajaza kwa herufi zake kubwa, na kwenye ule mstari wa chini akatia tiki kwenye Ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mhuri akagonga mhuri, akampa kipande. Namba hakuandika. Angeandika namba, fomu ingepanda ghorofani, na ghorofani wangeiona Ndiyo isiyo na saini ya pili, wangesema tazama, na huyu naye kaanza. Akaitia kwenye droo ya chini. Nitamweleza mwenyekiti wiki ijayo, alisema moyoni, na moyoni alimaanisha.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwezi wa pili mama akarudi, fomu ikaenda droo ya chini. Mwezi wa tatu akarudi na bandeji kwenye muundi, maana ubao ulikuwa umeteleza na mguu mmoja ukaingia. Mhuri aliiona ile bandeji mama alipokuwa anatoka kwenye benchi kuja dirishani, hatua saba, na kila hatua ilimchoma. Siku hiyo alipanda ngazi hadi mlangoni kwa mwenyekiti, akasikia sauti yake ikimfokea mtu ndani, akateremka. Mwoga jamani, tuseme ukweli. Mwezi wa nne fomu ya nne ikalala juu ya zile tatu, na droo ikawa kama inagusa magoti yake siku nzima.

Ndiyo maana Alhamisi ile hakuwa wa kukalika. Alhamisi ya kwanza ya mwezi baraza hukaa hadharani, raia wanasimama mmoja mmoja kusema yao, na karani huketi pembeni na rejista. Mwenyekiti alikuwa na kengele ndogo ya mezani, na kila mtu alikuwa na dakika tatu. Ikilia, hata kama uko katikati ya neno, unakaa. Nyuma ya mgongo wake walimwita Dakika Tatu. Alipenda ukumbi ujae, na zaidi alipenda kumbana mtumishi mbele ya ukumbi uliojaa.

Mhuri aliingia, akapanga kalamu, akainua macho. Benchi la tatu, gauni la bluu lenye kola nyeupe, mkono umeshika namba kumi na moja. Moyo ukampiga pa! kama mhuri wenyewe. Mama hakuwa amemwambia kwamba atakuja.

Wale kumi wa kwanza hakuwasikia. Kuna kinyozi alisema habari za maji machafu, kuna mtu wa mbwa, kengele ililia mara mbili tatu. Yeye alikuwa anapanguza viganja kwenye suruali na kuhesabu waliobaki. Alitaka kutoka, na miguu haikutaka. Namba kumi na moja ikaitwa. Mama akasimama kwa kushika bega la aliyekaa mbele yake, akaenda polepole mpaka meza kuu, akavipanga vile vipande vinne mbele ya mwenyekiti, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akipanga vifungo.

Hakupiga kelele. Alieleza habari za lori, za ubao na za mguu. Akasema ameambiwa imepokelewa mara nne, na mvua ndiyo hiyo imefika, anaomba tu kujua imepokelewa wapi.

Watu wakacheka, na mwenyekiti akanusa nafasi. Akageuka. "Karani, tusomee namba za mama huyu."

Mhuri akafungua rejista. Akafungua kurasa za mwezi huu, na za mwezi uliopita, akijua fika anatafuta kitu ambacho hakukiweka. Mwenyekiti akakichukua kipande kimoja, akakigeuza mbele na nyuma. Mhuri upo, alisema, tarehe ipo, namba hakuna. Vyote vinne. Akauliza, taratibu sasa, ni nani aliyegonga mihuri hii, ilhali ofisi nzima ina karani mmoja na yuko hapa.

Mama akamtazama mwanawe, na Mhuri akaona jinsi anavyoelewa. Haikumchukua muda. Miezi minne alidhani ni ghorofani wanaomchelewesha, kumbe ni hapa chini. Macho yake yakaenda kwenye rejista, yakarudi usoni kwa mwanawe, yakakaa hapo. Mhuri akafumbua kinywa. Neno lilikuwepo, lilikuwa moja tu, na lilimkwama kooni.

"Mwenyekiti, tusimwonee mtoto wa watu," mama akasema. "Kosa ni langu. Alinipa fomu nikajaze nyumbani, nami nikazisahau kabatini. Hivi vipande alinigongea kwa huruma tu, nilivyokuwa namsumbua."

Nyuma huko mtu akasema bibi betri zimeanza kuisha, na ukumbi ukaangua kicheko. Mama akacheka nao. Mwanamke ambaye hakuwahi kusahau kipimo cha kiuno cha mteja akasimama pale akacheka usahaulifu wake mwenyewe, na mwanawe akakaa kwenye kiti chake akiisikiliza ile sauti. Kama kuna adhabu zaidi ya hiyo, mimi siijui.

Mwenyekiti naye akalainika, kwa sababu huruma mbele za watu ni tamu pia. Akaagiza mama apewe fomu ajaze hapohapo, na mhandisi, aliyekuwa kiti cha pili, atume watu kabla ya wiki mbili. Watu wakapiga makofi.

Mhuri akamletea fomu. Mama akavaa miwani, akajaza amesimama, akiegemea meza. Mtu aliyekaa nyuma ya dirisha miaka kumi na mmoja hujifunza kusoma maandishi kichwa chini miguu juu, kwa hiyo Mhuri aliona kila neno likiandikwa. Jina. Mtaa. Aina ya shida. Akafika mstari wa mwisho, na hakusita hata kidogo. Akatia tiki kwenye Hapana.

Akamrudishia kalamu. "Asante, Bwana Karani."

Karani akagonga mhuri. Akaandika namba, mia mbili na kumi na mbili, mwandiko safi kama siku zote. Mkono ulifanya kazi yake, mwenyewe hakuwepo.

Kikao kilipovunjika alimkimbilia kwenye ngazi, hakumkuta. Na mvua ikaanza. Mhuri aliacha mwavuli ofisini, akakata kupitia sokoni mbio, akafika mtaa ule maji yanamchuruzika, na mama ndiyo kwanza anafika kwenye ubao. Maji ya mtaro yalikuwa yamepanda, ya kahawia, yanalamba ubao. Alitaka kumwita. Akaogopa kwamba akimwita atageuka, na akigeuka atateleza. Basi akasimama hapo kinywa wazi, akimtazama mama yake akiupima ubao kwa ncha ya mwavuli, akiweka mguu mzima kwanza, kisha ule mbovu. Alivuka. Geti likafungwa. Mhuri akabaki mvuani muda mrefu, na Jumapili hiyo hakwenda kumtembelea, maana angesema nini?

Zege lilimwagwa siku ya sita. Fomu ilikuwa safi, haikuwa na ndugu wala saini ya kungojea; ilipanda ngazi kama ndege. Kifuniko kipya, kinene, kina vishikio vya chuma. Kwa siku zote hizo Mhuri alikuwa halali vizuri, hali vizuri, na dirishani watu walianza kumuuliza kama anaumwa. Mara mbili alianza barua ya kumweleza mwenyekiti, na mara mbili aliichana.

Jumamosi ya wiki iliyofuata akanunua matunda akaenda. Alipopinda kona akakuta gari la baraza limeegeshwa. Mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya kifuniko, mguu mmoja mbele, akipigwa picha ya gazeti la mji. Akamwona karani wake, akafurahi, akadhani kaja kukagua kazi. Akamwambia, kijana wa kazi kweli wewe, hata Jumamosi. Akamsogeza kando kidogo ili picha iishe.

Mhuri angeweza kusema ndiyo, nimekuja kukagua. Angeshuka na mtaa, arudi jioni. Aliifikiria meza ya makaburini, na jinsi mwenzake pale atakavyofurahi kupata mtu wa kuongea naye. Akapita mbele ya mpiga picha, akakanyaga zege, akagonga geti.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Ni swali la kila mlango. Mama aliliuliza kila Jumapili kwa miaka, na kila Jumapili alijibiwa kwa kicheko. Sasa Mhuri alisimama na mfuko wa matunda, mwenyekiti hatua mbili nyuma yake, na lile neno likapanda tena kooni palepale lilipokwama siku ile.

"Mwanao," akasema. Likatoka dogo, hata yeye hakuridhika nalo. Akarudia kwa sauti ya kufika barabarani: "Ni mimi mwanao, Mama."

Nyuma yake mwenyekiti akauliza, "Karani?" Mhuri hakugeuka. Ndani komeo likaanza kuhangaika, mtu akilivuta na halivutiki, kama vidole vimesahau linafunguliwaje. Geti likafunguka. Mama akamtazama mwanawe kutoka kichwani mpaka viatuni. Akamtazama mwenyekiti. Akaupokea ule mfuko wa matunda.

"Mwenyekiti," akasema, "ile fomu yangu kuna mstari mmoja nilikosea. Kama una kalamu, ingia."