Kitabu cha Kiwanda

Mwaka wa tisini na tatu, chuo kimoja kidogo cha Changamwe kilianzisha somo la sera za umma na mazingira kwa maafisa wa serikali za mitaa. Walioketi kuchagua kitabu cha kuanzia walikuwa Bwana Elkana, mkuu wa chuo. Mramba, mwalimu wa uchumi. Na Tima, ambaye ndiye angelifundisha somo lenyewe.

Mezani palikuwa na vitabu viwili. Kimoja chembamba, cha karatasi duni, kimeandikwa na walimu wa Dar es Salaam. Cha pili kinene, kinang'aa, kimetolewa bure na kiwanda cha ng'ambo ya barabara, kile kile ambacho moshi wake uliwafanya wafunge madirisha kabla ya kikao kuanza.

"Hiki nimekisoma chote," Tima akasema, akikigonga kile kinene. "Humu anayechafua hewa ni mama anayepikia kuni. Anayeharibu bahari ni mvuvi anayekata mikoko. Viwanda vyatajwa mahali pamoja tu, navyo vyashukuriwa kwa kupanda miti."

"Bi Tima, ni cha bure," Elkana alisema kwa upole.

"Wallahi, siwezi kumfundisha mtu kuwa mamake ndiye mkosaji, naye akohoa moshi wa huyo aliyempa kitabu."

Alimgeukia Mramba, ambaye walipokuwa wakipanda ngazi alimwambia yuko upande wake. Mramba alitazama kucha zake, akasema cha bure kina faida zake.

Kinene kikapita. Tima alitoka bila kuaga.

Siku ya kwanza darasani aliwagawia wanafunzi kitabu hicho, kisha akaandika ubaoni: Nani amekilipia? Nani analaumiwa ndani yake? Nani hakuulizwa? Darasa likachangamka. Kadzo, bibi afya kutoka Junda, aliisoma sura ya kuni kwa sauti, akakifunga kitabu. "Mamangu amepikia kuni miaka yote," akasema, "na hajamfungisha jirani dirisha."

Habari zilifika kiwandani upesi. Elkana akamhamishia Tima kwenye darasa la upigaji taipu, na somo akapewa Mramba.

Haukupita muda, Mramba akamjia.

"Wanafunzi wamekataa kuendelea bila yale maswali yako. Nisaidie, dadangu."

Tima alimwandikia maswali mengine, makali kuliko ya kwanza, akamkabidhi. Kiti hakumkaribisha.